Mwongozo kamili: Kwenda Soroti na kurudi Mbale kwa siku moja, bila kukosa miamba wala gari la jioni

Wageni wengi wanaopita kwangu hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, hurudi kutoka Soroti wakiwa na malalamiko yale yale. Waliondoka asubuhi iliyokwisha kukomaa, wakashuka garini saa sita mchana, wakautazama Mwamba wa Soroti kutoka chini kwa kuwa jua lilikuwa kali mno kwa mtu kupanda, wakala chakula, kisha wakarudi wakisema kwamba jiji hilo halina kitu cha kumtoa mtu nyumbani. Wengine walikuwa wamepanga kupitia Nyero, karibu na Kumi, kutazama michoro ya kale ya mwambani, lakini giza liliwatangulia wakapita bila kushuka.

Kwa maoni yangu, wote hao waliangushwa na mpangilio wa saa. Safari hii ina miamba miwili ya kutembelea: wa Soroti uko wazi juani tangu nusu yake hadi kileleni, na wa Nyero una paa la mawe linalomkinga mtazamaji. Ule ulio wazi hupandwa asubuhi, na ule wenye paa huachiwa mchana. Hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu ya utaratibu huo, na msafiri anayeugeuza kwa kuanza na Nyero, kwa sababu tu iko karibu zaidi, ndiye anayerudi na malalamiko niliyoyataja.

Saa zote ninazozitaja ni za Kiswahili: saa kumi na mbili asubuhi ndiyo ile ambayo simu huonyesha 6:00. Ninalisema jambo hili dogo kwa sababu ninawafahamu wasafiri waliomwambia mwendesha bodaboda awafuate "saa mbili", wao wakiwa wameisoma mbili hiyo kwenye simu mchana, naye akatokea usiku.

## Mahali pa kuanzia

Mwongozo huu unamfaa mtu aliyelala Mbale. Kutoka Mbale hadi Soroti ni kama kilomita 100 za lami, na mji wa Kumi uko karibu na katikati ya njia.

Anayetoka Tororo au Malaba anaweza kuifanya safari hii kwa siku moja iwapo ataondoka alfajiri sana, ila ninamshauri aje Mbale jioni iliyotangulia. Mkenya anayevuka mpaka Malaba au Busia anaweza kutumia kitambulisho chake cha taifa, mradi kisiwe kimechakaa kiasi cha kutosomeka.

Anayetoka Kampala asijaribu. Kutoka Kampala hadi Soroti ni takribani kilomita 300, na kwenda na kurudi kwa siku moja maana yake ni kuutazama mgongo wa kiti cha mbele tangu asubuhi hadi usiku. Alale Mbale, ndipo aanze hatua ya kwanza.

## Mahitaji

- Viatu vyenye soli inayoshika. Kandambili huteleza kwenye mwamba, na viatu vya ngozi vyenye soli laini ni vibaya zaidi kwa sababu vinamdanganya mvaaji kwamba amevaa viatu.
- Maji, lita moja na nusu kwa kila mtu. Maji ya chupa yanapatikana Mbale, Kumi na Soroti, lakini usitegemee kuyapata juu ya mwamba.
- Kofia na nguo ya mikono mirefu. Mwavuli haufai kileleni kwa sababu ya upepo.
- Koti jepesi la mvua, katika miezi ya mvua.
- Noti ndogo ndogo. Kondakta, mlinzi, mwendesha bodaboda na muuza machungwa wote watakuambia kwamba hawana chenji, na mara nyingi watakuwa wanasema kweli. Mawakala wa pesa za simu wako wengi Soroti na Kumi, lakini kupanga foleni kwa wakala ni kuupoteza muda ambao safari hii haina.
- Nauli ya kurudi, kwenye mfuko wake peke yake. Iweke usiku kabla ya safari na usiiguse.
- Kitambulisho. Kinaweza kuulizwa na mlinzi au barabarani.
- Simu iliyojaa chaji. Ramani ya eneo lote ipakue kabla, kwa kuwa mtandao kati ya Kumi na Nyero haueleweki.

Viwango vya nauli sivitaji kwa makusudi, kwa sababu hupanda na kushuka kwa bei ya mafuta na kwa sikukuu. Muulize mwenyeji mmoja asiye na gari wala bodaboda, siku moja kabla, ukilikariri jibu lake.

## Hatua ya 1: Chagua siku na msimu

Miezi ya mvua kubwa Teso, yaani eneo la Kumi na Soroti, ni kuanzia Machi hadi Mei au Juni, kisha tena Agosti hadi Novemba. Mvua yenyewe haizuii safari, kwa sababu mara nyingi huanguka alasiri, na asubuhi huwa safi kabisa. Kinachotakiwa katika miezi hiyo ni kuwa umeshateremka Mwamba wa Soroti kabla ya saa sita mchana bila mjadala. Desemba hadi Februari ni kukavu, lakini joto ni kali na vumbi hupunguza umbali ambao jicho linaweza kufika.

Kwa siku za juma, Jumanne hadi Ijumaa ndizo bora. Jumamosi kuna soko kubwa la Arapai, nje kidogo ya Soroti, ambapo ng'ombe na mbuzi huuzwa. Ni jambo la kupendeza kulitazama, lakini litakula nusu ya siku na magari yatakuwa yamejaa. Chagua soko au Nyero, usivichanganye.

Jumapili iepuke. Magari hujaa polepole, na mtu unayemhitaji akupe ruhusa au akufungulie lango huenda yuko kanisani. Mimi mwenyewe niliwahi kusimama chini ya mwamba Jumapili nzima asubuhi nikimsubiri mtu mwenye ufunguo, na alipofika akiwa na Biblia yake kwapani tayari ilikuwa saa saba, nami sikuwa tena na hamu ya kupanda chochote.

## Hatua ya 2: Jioni ya kabla

Nenda kwenye paki ya taksi (stendi ya mabasi madogo ya abiria, ambayo hapa Uganda huitwa taksi) jioni, kwa miguu, uulize magari ya Soroti husimama sehemu gani na la kwanza huondoka saa ngapi. Sababu ni kwamba alfajiri utakutana na wapiga debe wanaomvuta kila mtu kwenye gari lao, na yule asiyejua anakokwenda ndiye anayeishia katika gari linaloishia Kumi au lile la Lira, mbele ya Soroti, lisilotaka kumshusha njiani bila malipo kamili.

Ukifika pale, tazama pia kama kuna basi linalopita kuelekea kaskazini asubuhi. Basi hutulia zaidi barabarani kuliko taksi, ila halikusubiri.

Utajua hatua hii imekamilika ukiwa na vitu vitatu kichwani: mahali pa gari, saa ya gari la kwanza, na nauli aliyokutajia mtu asiyekuwa na faida nayo.

## Hatua ya 3: Ondoka Mbale kabla ya saa kumi na mbili na nusu

Fika paki saa kumi na mbili na robo. Wakati huo jua halijachomoza bado, na gari la kwanza hujaa haraka kwa sababu ya wafanyabiashara wanaokwenda sokoni na watumishi wanaofanya kazi Kumi na Bukedea. Ukichelewa hadi saa moja na nusu utaingia kwenye gari linalohitaji abiria kumi zaidi, nalo litakaa hapo likinguruma huku kondakta akiapa kwamba linaondoka sasa hivi.

Kuna hila moja ya kuijua. Gari linaweza kuonekana limejaa, kumbe nusu ya waliokaa ni vijana wa stendi waliowekwa ili kuvuta abiria wa kweli. Ukishaketi, wanashuka mmoja mmoja. Tazama mikono na miguu yao: asiye na mfuko, asiye na mzigo, na anayezungumza na kondakta kwa utani kama ndugu yake, huyo hasafiri.

Chagua kiti cha dirishani upande wa kushoto. Barabara inaelekea kaskazini-magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi litakuwa kuliani kwako kwa nyuma. Jioni, ukirudi kusini-mashariki, jua litakuwa limehamia magharibi, na kuliani kwa gari ndiko kutakakoungua tena. Kushoto kwenda, kushoto kurudi.

Lipa nauli gari likiwa limeondoka, si kabla, na umpe kondakta mwenyewe, si kijana aliyekupokea mlangoni.

## Hatua ya 4: Njiani

Hapa hakuna kazi kubwa. Utapita Bukedea, kisha Kumi, na milima ya Elgon itazama nyuma yako hadi nchi iwe tambarare kabisa, yenye miembe, nyumba za mviringo na miamba inayochomoza mahali pasipotarajiwa.

Ukifika Kumi, usishuke, hata kama kondakta amesikia ukitaja Nyero na anakuhimiza. Angalia tu stendi ilipo, na bodaboda husimama upande gani, kwa kuwa utarudi hapo mchana.

Kabla ya Soroti utavuka daraja la Awoja, katikati ya bwawa la mafunjo. Mafuriko makubwa ya mwaka 2007 yalifunika barabara katika eneo hilo, na ndiyo maana katika msimu wa mvua nyingi ni vyema kuuliza hali ya Awoja kabla ya kuondoka Mbale. Watu wa paki huwa na habari hizo mapema kuliko redio.

Ukishuka Soroti kati ya saa mbili na nusu na saa tatu, umefaulu. Ukishuka baada ya saa nne, soma tena Hatua ya 7 kabla ya kufanya lolote, kwa sababu utalazimika kupunguza kitu.

## Hatua ya 5: Panda Mwamba wa Soroti kwanza, kabla ya chai ya pili

Mwamba hauhitaji kutafutwa. Umesimama katikati ya jiji na unaonekana kutoka karibu kila barabara, kiasi kwamba wenyeji huutumia kueleza njia. Tembea, bodaboda kwa umbali huo ni kupoteza fedha.

Omba ruhusa. Juu ya mwamba kuna mitambo ya mawasiliano, na mahali penye mitambo pana ulinzi. Anza na mlinzi aliye chini, umsalimu, useme unachotaka, na uulize kama kuna ada. Akikuelekeza kwenye ofisi ya jiji, nenda bila kubishana. Kubishana hapo kunachukua muda mrefu kuliko kutembea hadi ofisini na kurudi. Ukilipa chochote, omba risiti.

Salamu ina kazi kubwa katika hatua hii. Kwa Kiateso, "Yoga" ndiyo salamu, na "Eyalama" ni asante. Mwanamume mzima huitwa "papa", yaani baba, na mwanamke mzima "toto", yaani mama. Usishangae kusikia mtu mzima akiitwa toto, wala usicheke. Baada ya salamu unaweza kuendelea na Kiswahili. Vijana wa stendi na wafanyabiashara wanakielewa kwa sababu ya biashara na Kenya, na Wateso wenyewe wanaishi pande zote mbili za mpaka. Wazee wengine wanakikumbuka kama lugha ya askari, na hao hulainika upesi zaidi ukianza kwa lugha yao, hata ukiikosea.

Panda polepole. Sehemu ya chini ni rahisi. Juu zaidi kuna mwinuko unaotaka mikono, kwa hiyo begi liwe mgongoni na simu iwe mfukoni. Kuzaa ajali juu ya mwamba kunahitaji kitu kimoja tu, nacho ni mtu anayejipiga picha huku akirudi nyuma. Watoto wadogo waishie mahali ambapo mzazi anaweza kuwashika mkono wote.

Usipande ukiwa na dalili zozote za radi. Wewe ndiwe utakuwa kitu kirefu zaidi kwa kilomita nyingi, ukiacha milingoti ya chuma iliyo kando yako. Wingu jeusi likionekana likija, teremka hata kama umebakiza hatua ishirini, na uteremke kabla mwamba haujalowa, kwa sababu mwamba uliolowa ni mgumu kushukwa kuliko kupandwa. Niliwahi kukaidi shauri hili mwezi wa nne, nikashuka nimekaa, suruali ikachanika, na nikarudi Mbale nimejifunga sweta kiunoni.

Ukifika kileleni, simama ukielekea chini kwenye mabati ya jiji, kisha inua macho. Tambarare ya Teso inaenda hadi inapochanganyika na mbingu, ikiwa na vibwawa na maji yanayong'aa mbali, na siku iliyo safi unaweza kuona upande wa mfumo wa Ziwa Kyoga. Ukisikia ndege ndogo ikizunguka na kurudi, kisha ikizunguka tena, hiyo haijapotea: Soroti ina chuo cha urubani kilichoanzishwa mwaka 1971, enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na wanafunzi wake hufanya mazoezi juu ya vichwa vya watu wanaonunua nyanya. Usielekeze kamera kwenye mitambo wala kwenye uwanja wa ndege.

Kipimo cha kufaulu: uwe umerudi chini kabla ya saa nne na nusu, shati likiwa limelowa kidogo tu, na nusu ya maji yako ikiwa bado iko kwenye chupa.

## Hatua ya 6: Soko na chakula

Baada ya mwamba una takribani saa mbili za jiji. Nenda soko kuu.

Teso ni nchi ya matunda, hasa machungwa na maembe, na machungwa yake yana ganda la kijani hata yakiwa yameiva, jambo linalowafanya wageni wayaache wakidhani ni mabichi. Bonyeza moja, likilegea kidogo na kuwa zito mkononi, nunua. Pale Arapai kuna kiwanda cha matunda kilichozinduliwa mwaka 2019, na ukiwauliza wauzaji kuhusu bei ya machungwa na kiwanda hicho, tenga muda wa kusikiliza, kwa sababu kila mmoja ana maoni yake na hayafupishwi. Nunua machungwa machache tu. Utayabeba hadi Nyero.

Kitu kingine cha kutafuta sokoni ni amukeke, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kukaushwa juani. Ni vyepesi, haviharibiki njiani, na ukifika nyumbani unavichemsha na kuviunga kwa karanga. Kwa mtu anayetaka zawadi ya kumpelekea mama mkwe, hii inazidi soda na biskuti kwa mbali sana.

Kula mapema, saa tano na nusu, kabla ya watu wa maofisini. Agiza atap, ugali mweusi wa unga wa mtama au ulezi uliochanganywa na muhogo, pamoja na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga au simsim (ufuta), au samaki mkavu. Usile kiasi unachokula nyumbani. Atap hukaa tumboni kwa heshima zake zote, na bado una Nyero.

Ajon, pombe ya ulezi inayonywewa na wazee kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, ina mahali pake katika safari nyingine. Kikao cha ajon hakina saa ya kumalizika, na anayeketi kwa adabu haondoki baada ya dakika kumi.

## Hatua ya 7: Uamuzi wa saa saba

Hapa ndipo watu wengi hushindwa, na hushindwa wakiwa wamekaa vizuri kivulini.

Saa saba mchana uwe ndani ya gari linaloelekea Kumi. Ukiwa bado Soroti saa saba na nusu, kimbia. Ukiwa bado Soroti saa nane na gari halijaondoka, ifute Nyero kabisa, utafute gari la moja kwa moja hadi Mbale, na uirudie Nyero siku nyingine ukitokea Mbale, ambapo ni safari ya nusu siku tu.

Ninasisitiza mpaka huo kwa sababu jua la upande huu huzama karibu saa moja kasoro dakika chache, na kutoka Nyero hadi Mbale kuna vyombo viwili vya kupanda. Kila kimoja kina kusubiri kwake. Mtu anayeondoka Soroti saa tisa anaweza kuiona Nyero, ni kweli, lakini ataiona kwa dakika kumi, kisha atasafiri gizani katika barabara yenye malori yasiyo na taa za nyuma.

Kwenye gari mwambie kondakta "Kumi" na ulipe nauli ya Kumi. Magari ya Mbale wakati mwingine hukataa abiria wa katikati hadi dakika ya mwisho. Usikasirike, kaa karibu, utaitwa kiti kikibaki.

## Hatua ya 8: Kutoka Kumi hadi Nyero

Nyero iko kama kilomita 8 kutoka mji wa Kumi, kwenye barabara ya Ngora. Chukua bodaboda, na mapatano yawe ya namna hii: kwenda, kunisubiri saa moja na nusu, na kunirudisha hapa hapa, fedha zote ni kiasi fulani, nusu nakupa tukifika, nusu tukirudi. Sema maneno yote hayo kabla ya kupanda, mbele ya wenzake.

Sababu ni kwamba pale kwenye miamba hakuna stendi. Bodaboda aliyekuacha na kuondoka na fedha zake zote hana deni nawe, na kurudi Kumi kwa miguu jua la saa kumi ni adhabu. Chukua namba yake ya simu na uipige papo hapo, uione ikiita.

Mwombe kofia ya chuma, mpande mtu mmoja kwa pikipiki, na mkiwa wawili mchukue pikipiki mbili. Mwendesha bodaboda atacheka. Mwache acheke.

## Hatua ya 9: Namna ya kuitazama michoro

Lipa ada kwa mtunzaji wa mahali, uandike jina kwenye kitabu cha wageni iwapo utapewa, na umwombe akuongoze. Bila mtunzaji utaiona miamba mizuri na kuipita michoro bila kujua.

Michoro iko katika sehemu kadhaa zenye namba. Ya kwanza na ya tatu ina michoro myeupe. Ya pili ndiyo kubwa, na michoro yake ni myekundu, iliyotawaliwa na duara ndani ya duara, pamoja na umbo ambalo wengi husema ni mtumbwi. Uganda iliiweka Nyero kwenye orodha yake ya maeneo yanayopendekezwa kwa urithi wa dunia mwaka 1997.

Ukiingia chini ya paa la sehemu ya pili, usikimbilie ukutani. Simama hatua nne au tano nyuma, uache macho yazoee kivuli kwa dakika mbili. Rangi imefifia, na mtu anayetoka juani huona ukuta mtupu wenye madoa. Kisha utaliona duara moja, halafu ukishaliona hilo mengine yatajitokeza yenyewe, moja juu ya jingine, hadi ujiulize ulikuwa unatazama nini mwanzoni.

Makatazo ni machache lakini ni makali:

- Usiguse. Jasho na mafuta ya mikono huila rangi.
- Usimwagie maji ili rangi ikolee kwenye picha. Inakolea kwa dakika moja na kuharibika kwa miaka yote.
- Usichore pembeni, hata kwa chaki. Majina ya wapumbavu yapo tayari pale na hayahitaji kuongezewa.

Ukimaliza, kama nguvu zipo, panda miamba iliyo juu ya michoro na ule machungwa yako hapo. Maganda rudi nayo.

Umefaulu ikiwa unaweza kumweleza mwendesha bodaboda, ukiwa njiani kurudi, ni sehemu ipi yenye nyekundu na ipi yenye nyeupe, bila kutazama simu. Saa kumi na robo uwe umempandia pikipiki yake.

## Hatua ya 10: Kurudi Mbale

Ukifika Kumi, mlipe bodaboda nusu iliyobaki na uvuke hadi upande wa magari yanayoelekea kusini. Una njia mbili. Ya kwanza ni taksi inayojazia Kumi, ambayo ina hakika lakini inachelewa kujaa. Ya pili ni gari linalopita kutoka Soroti au Lira lenye kiti kimoja, ambalo ni la haraka lakini halina ahadi. Mimi hukaa kwenye la kwanza huku macho yakiwa barabarani, na sitoi nauli hadi litembee, ili la pili likija niweze kushuka bila ugomvi.

Ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni ukiwa bado Kumi, acha kukimbizana na gari. Kumi ina nyumba za wageni za kawaida, safi za kutosha, na gari la kwanza la asubuhi litakufikisha Mbale kabla ya saa mbili na nusu. Ile nauli uliyoitenga kwenye mfuko wake bado ipo, kwa hiyo kitanda na chapati mbili za jioni zitatoka kwenye fedha nyingine.

Mambo yakienda sawa, saa kumi na moja utakuwa umeketi kushoto, dirishani, na baada ya Bukedea mwamba mrefu wa Wanale utaanza kuonekana mbele, ukiwa umepigwa na jua la jioni. Mwambie kondakta mapema unaposhukia, kwa sababu jioni magari huingia Mbale kwa kasi na wengi hupitishwa hadi paki bila kupenda.